Wiki Bila Upepo

Saa nane za usiku simu inalia mara moja:
si msiba, si mpenzi, ni bei.
Senti mbili kwa kilowati, upepo unavuma baharini,
nami navaa koti la marehemu baba juu ya nguo za kulalia,
navuka theluji hatua arobaini
kwenda kuwasha mchana.

Hapa pwani ya Ostrobothnia jua tunalinunua kwa saa,
kama mtu anunuavyo unga kwa kipimo,
na aliyenunua mapema hujuta saa moja baadaye.
Udongo hatuna. Mizizi inaning'inia mferejini,
myeupe kama tambi,
inalambwa na maji yale yale
yanayozunguka, yanayorudi, yasiyopotea hata kikombe.
Maji ni rahisi. Chumvi za rutuba ni rahisi.
Giza ndilo ghali.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ina daftari,
na hupotea kwa habari kamili.

Chukua kichwa kimoja cha saladi, kile cha yuro moja na senti arobaini.
Kibandue.
Majani ya nje, mapana, yenye mikunjo ya kujionyesha, ni ya duka.
Yanayofuata umeme unayatafuna kimyakimya.
Benki haina meno ila haikosi jani,
vioo hivi bado ni vyake kwa miaka kumi na mmoja.
Jani la Thuy na mumewe hilo siligusi:
wanafungasha tangu saa kumi na moja alfajiri
na wana binti anayesoma Vaasa.
Halafu mfuko, mbegu, lori.
Ukifika moyoni kabisa utakuta jani changa,
jeupe, lililojikunja, la ukubwa wa ukucha.
Hilo langu.
Zidisha mara elfu tisa kwa wiki, wala usicheke.

Januari ile upepo ulikufa.
Siku sita mapanga ya mitambo yalisimama angani
kama watu waliosahau walichotaka kusema.
Senti ishirini. Arobaini. Tisini.
Nikakaa jikoni na penseli.
Nikiwasha, kila kichwa kitanila senti kumi na nne.
Nikizima, miche italala, na mkataba utalala nayo,
na mwenye duka hana subira ya mche.

Nikazima.

Pampu niliziacha, robo saa kwa kila saa,
mizizi isikauke.
Thuy akaja na kurunzi, akapita safu kwa safu,
akigusa majani kama mtu anayepima homa.
"Wanasubiri tu," akasema.
Sikumuuliza wanasubiri hadi lini.

Usiku ule anga la kijiji likawa jeusi
mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana.
Miaka yote tumelipaka rangi ya chungwa, sote wenye mabanda ya vioo,
hadi tukadhani ndiyo rangi yake.
Karl-Erik akapiga simu kutoka ng'ambo ya shamba:
"Gunnevi, nani amefariki?"
"Hakuna. Ni bei."
Akanyamaza. Kisha: "Hata mimi nimezima."
Tukatoka nje, kila mtu uani kwake,
tukazitazama nyota tusizozilipia.

Siku ya saba upepo ukarudi bila kuomba radhi.
Duka likanitoza faini ya ucheleweshaji.
Nikaandika: hasara, yuro elfu moja mia mbili na sita,
nikapigia mstari mara mbili, mstari wa pili wa hasira.

Ijumaa nikamkuta mama mmoja mbele ya rafu,
saladi yangu mkono huu, ya Uhispania mkono ule,
senti thelathini katikati yao.
Akairudisha yangu, taratibu, kama anayelaza mtoto.
Nilitaka kusema jambo.
Lakini kikapuni mwangu mlikuwa na machungwa,
na hayakuota Ufini.

Saa tisa usiku. Simu.
Senti moja na nusu.
Koti.